Musizi wa Amani: nani hasa aliufungulia mlango?

Ukizungumza na watu wanaoijua misitu ya Usambara Mashariki, haichukui muda kabla mazungumzo hayajafika kwenye mti mmoja. Kitaalamu ni Maesopsis eminii. Waganda huuita musizi, Wahaya muhumula. Ni mti mrefu, shina limenyooka, unakua haraka ajabu, na si wa huku. Uliletwa. Tangu miaka ya 1980 umeandikwa kwenye ripoti nyingi kama mvamizi anayeumaliza msitu wa asili kutoka ndani, na wapo wanaoona dawa yake ni moja tu: ukatwe.

Ushahidi dhidi ya musizi naukubali. Ninachokipinga ni mpangilio wa mashtaka. Ukiyafuata matukio ya Amani, eneo lililo juu ya milima hiyo ya Usambara Mashariki, kama yalivyopangana, unakuta mti huu ulikaa miongo kadhaa bila kumsumbua mtu, kisha ukatapakaa kwa muda mfupi. Mti wenyewe haukuwa umebadilika hata kidogo. Msitu ndio uliobadilishwa, na waliobadilisha wanajulikana.

Mlima wa mvua, udongo wa kimaskini

Milima ya Usambara Mashariki iko Tanga, jirani kabisa na bahari. Upepo wa Bahari ya Hindi unapanda miteremko, unapoa, unadondosha maji. Amani, iliyo kwenye mwinuko wa mita 900 hivi, hupata karibu milimita 1,900 za mvua kwa mwaka, na hata miezi ya kiangazi haikauki kabisa. Mto Zigi unaanzia humo, na ndio unaowapa wakazi wa Tanga mjini maji ya bomba.

Milima hii ni sehemu ya Tao la Mashariki, safu inayoanzia Taita nchini Kenya hadi Udzungwa. Misitu yake imetengana na misitu mikubwa ya Kongo kwa mamilioni ya miaka, kwa hiyo viumbe wengi walioko humo hawapatikani kwingine. Saintpaulia, lile ua dogo la zambarau linalouzwa kwenye vyungu vya madirishani duniani kote, asili yake ni huku. Baron Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani wa Tanga, ndiye aliyepeleka mbegu Ulaya miaka ya 1890. Yupo bundi mkubwa aliyepewa jina la Usambara, wapo vinyonga na vyura, na upo mtambaa (Cephalosphaera usambarensis), mti unaoweza kupita urefu wa jengo la ghorofa kumi na tano.

Udongo ndio unaodanganya watu. Mtu akiuona msitu mnene kiasi kile anadhani chini kuna rutuba isiyoisha, kumbe udongo wa uwanda wa juu wa Amani ni wa zamani sana. Mvua imeuosha kwa karne nyingi, una tindikali nyingi na virutubisho vichache. Karibu kila kitu cha thamani kimo ndani ya miti yenyewe na kwenye tabaka jembamba la majani yanayooza juu ya ardhi. Jani linadondoka, linaoza, na mizizi ya juujuu inanyonya kilichotoka kabla maji hayajakibeba. Walowezi wa Kijerumani waliopanda kahawa miaka ya 1890 walijifunza hili kwa hasara: walifyeka msitu, kahawa ikazaa vizuri miaka michache, ikadhoofika, mashamba mengi yakaachwa. Zao lililokuja kushika nafasi baadaye ni chai, ambayo yenyewe huupenda udongo wenye tindikali. Mashamba hayo ya chai yaliyojipenyeza kati ya vipande vya msitu yana sehemu kubwa katika kisa hiki kuliko yanavyotajwa, na nitayarudia.

Bustani iliyoachwa na wenyewe

Mwaka 1902 serikali ya kikoloni ya Kijerumani ilifungua Amani taasisi ya utafiti wa biolojia na kilimo. Kazi yake ilikuwa kujaribu mimea ya kila aina ili ionekane ipi italipa: mikwinini kwa dawa ya malaria, miti ya mpira, viungo, miti ya mbao. Mamia ya spishi kutoka Asia, Amerika ya Kusini na pande nyingine za Afrika zilipandwa kwenye viunga vya majaribio, toka bondeni kwenye Mto Zigi hadi juu Amani. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza Waingereza waliirithi taasisi, wakaiendesha kwa muda, na mwishowe utafiti wa kilimo ukahamishiwa Kenya. Watafiti waliondoka. Miti ilibaki.

Karibu karne moja baadaye, Wayne Dawson, Philip Hulme na wenzao walipita tena kwenye viunga hivyo wakihesabu. Walikuta spishi ngeni 214 zilizosalia kutokana na upanzi ule wa zamani. Nyingi zilikuwa zimesimama palepale zilipopandwa, baadhi zikiwa na miche michache chini yake. Zilizosambaa kwa upana zilikuwa 16.

Takwimu hii naipenda kwa sababu inaondoa wazo kwamba ugeni peke yake unatosha. Spishi zaidi ya mia mbili zilipewa mvua ileile, udongo uleule na muda uleule, na sehemu kubwa hazikwenda popote. Kwa hiyo swali la maana ni hili: zile chache zilizotoka zilipata nini ambacho nyingine hazikupata?

Musizi uliingia Amani mwaka 1913 hivi. Kwao ni ukanda mrefu unaoanzia Afrika Magharibi, unapita Kongo na kufika Uganda, Kagera na magharibi mwa Kenya. Ugeni wake, ukiutazama kwa ramani ya leo, haukuvuka hata mpaka wa nchi, maana Kagera ni Tanzania. Lakini mti hausomi ramani ya siasa. Kati ya ukanda wa Ziwa Victoria na Usambara kuna mamia ya kilomita za nyika kavu ambazo mbegu yake isingezivuka yenyewe.

Kwa muda mrefu ulibaki mti mmojawapo kati ya mingi ya bustani. Halafu, hasa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa 1970, uliongezwa kwa makusudi. Wenye misitu waliupanda kwa wingi zaidi, msitu wa Kwamkoro ukiwemo, kwa kuwa ni mti wa mbao unaofikia kuvunwa mapema. Hili lisipitwe haraka. Kila mti uliopandwa ukipevuka ni ghala jipya la mbegu, na mashamba yale yalipandwa bega kwa bega na msitu wa asili. Mbegu, basi, zilikuwa tayari. Zilichokosa ni mahali pa kuota.

Msumeno ukapatengeneza mahali

Miti ya Usambara ilikuwa ikikatwa tangu enzi za Wajerumani. Walijenga hata reli ndogo kutoka Tengeni hadi Zigi kuteremshia mbao. Lakini ukataji wa miaka ya 1970 na nusu ya kwanza ya miaka ya 1980 ulikuwa wa kiwango kingine. Kampuni ya Sikh Saw Mills ya Tanga, wakati huo ikiwa chini ya shirika la umma la mbao, TWICO, ilipata mitambo na utaalamu kwa msaada wa Ufini. Barabara zikachanwa ndani ya msitu, matrekta ya kuvuta magogo yakaingia kwenye miteremko mikali.

Kukata mti mmoja mkubwa kwenye msitu wa aina hii si kutoa mti mmoja. Chukua mtambaa. Shina lake limeshikana na majirani kwa mitambaazi minene kama mkono wa mtu. Likianguka linavuta miti mingine, linavunja matawi ya iliyobaki, na linalala juu ya miche yote iliyokuwa chini yake. Kisha trekta linakuja. Linageuka mahali pa kugeukia, linafunga mnyororo, linaburuta. Gogo linakwangua tabaka la majani yaliyooza, lilelile lililobeba rutuba yote, na kuacha mfereji wa udongo mwekundu ulioshindiliwa na matairi. Mvua ya kwanza inaugeuza mfereji ule kuwa kijito. Paa la msitu lililokuwa limefunga kabisa sasa lina tundu ambalo jua la saa sita linapita hadi chini.

Katikati ya miaka ya 1980 kelele zilikuwa nyingi, Tanzania na Ufini kwenyewe. Ukafanyika ukaguzi wa misitu ya Amani, na ukaguzi huo ukaonyesha msitu ulioharibiwa kuliko ilivyodhaniwa. Ukataji wa kibiashara ukasimamishwa mwishoni mwa muongo huo. Kisha Ufini ileile iliyosaidia mitambo ya kukata ikagharimia mradi wa kuhifadhi kuanzia mwanzo wa miaka ya 1990. Sisemi hili kwa kejeli (au tuseme, si kwa kejeli tu): mradi huo ulizaa matunda, na mwaka 1997 ikatangazwa Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani, ya kwanza ya aina yake nchini, yenye hekta 8,380, zikiwemo sehemu za msitu zilizokuwa mali ya mashamba ya chai.

Lakini mapengo yalikuwa yameshafunguka, na miti ya musizi ilikuwa imeshaanza kuzaa.

Ndani ya pengo

Msitu wa asili nao una mapengo yake. Mti mzee unakufa, unaanguka, mwanga kidogo unaingia. Chini huwa kuna miche ya miti ya kivuli, kama msambu, mnyasa na mtambaa wenyewe, iliyodumaa kwa miaka ikiwa na majani machache, kama abiria waliokaa kituoni wakisubiri basi. Mwanga ukija kidogo, inanyanyuka. Pengo linafungwa na walewale waliokuwepo.

Pengo la trekta linavunja utaratibu huo kwa njia mbili kwa mpigo. Miche iliyokuwa inasubiri imesagwa, na mwanga uliokuja ni mwingi mno kwa wale waliosalia. Hapo zamu ni ya miti inayopenda jua. Usambara inayo ya kwake, kama mkumba (Macaranga capensis), lakini si mingi, na mbegu zake ni ndogo sana. Mche wake ukiota chini ya takataka nzito au kwenye kivuli cha vichaka, mara nyingi hauna akiba ya kuufikisha juu.

Musizi una kokwa. Tunda lake lina urefu wa sentimita mbili na zaidi kidogo, linageuka kutoka kijani kwenda manjano hadi zambarau iliyokolea, na nyama yake ni kidogo tu kuzunguka kokwa gumu. Ndani ya kokwa hilo mna chakula cha kutosha kuuanzisha mche hata pasipo na jua kali, na ukipata jua unakimbia. Ni mti uliosimama katikati ya makundi mawili: una mbio za miti ya jua na mtaji wa miti ya kivuli. Kwenye pengo kubwa lenye udongo uliovurugwa, mchanganyiko huo ni vigumu kushindwa.

Bado swali moja: kokwa zito hivyo linafikaje kwenye pengo lililo kilomita mbali na shamba lilikopandwa? Jibu lina mbawa. Hondohondo mkubwa mweusi mwenye mashavu ya rangi ya fedha anayapenda matunda haya. Anayameza mazima, anaruka na mzigo tumboni, na baadaye anayatapika makokwa yakiwa safi. Norbert Cordeiro na wenzake walichunguza nani hasa anausambaza mti huu na wakamkuta hondohondo ndiye mbeba mbegu mkuu. Kima nao wanakula, lakini hawafiki mbali hivyo. Na hondohondo anapenda kutua juu, kwenye mti mrefu uliojitenga unaompa nafasi ya kuona. Wakataji waliacha miti ya namna hiyo kila mahali, ile mibovu isiyofaa kwa mbao, imesimama kwenye kingo za mapengo.

Chai inavyoingia kwenye kisa

Nimesema nitayarudia mashamba ya chai. Juu ya uwanda wa Amani msitu haukubaki kitu kimoja. Ni vipande, vingine vya mamia ya hekta, vingine vidogo kuliko kiwanja cha mpira, na kati yao kuna chai iliyokatwa sawasawa hadi inafanana na zulia. Mtu huivuka kwa dakika kumi. Kwa ndege mdogo aliyezoea kuishi kwenye giza la chini ya msitu, eneo hilo ni kama bahari. William Newmark, aliyewafuatilia ndege wa vipande hivi tangu miaka ya 1980, alionyesha kwamba kadiri kipande kinavyokuwa kidogo na kujitenga ndivyo ndege wa tabaka la chini wanavyopotea.

Mwaka 2003 Cordeiro na Henry Howe walichapisha utafiti ambao kwangu ndio ufunguo wa kisa kizima, ingawa haukuhusu musizi. Ulihusu Leptonychia usambarensis, mti wa asili wa huku ambao mbegu zake husambazwa na ndege wa msituni, wakiwemo wale wa rangi ya majani wa jamii ya shore. Ndani ya msitu mkubwa ndege walizichukua mbegu na kuzipeleka mbali. Kwenye vipande vidogo ndege hao ni wachache, mbegu nyingi hazikuchukuliwa, na miche ilirundikana chini ya mama yake au ilikuwa michache mno.

Sasa weka tafiti hizi mbili pamoja. Kukatwakatwa kwa msitu kumemnyima mti wa asili wabebaji wake, kwa sababu wabebaji wake hawavuki uwazi. Musizi haukunyimwa kitu, maana hondohondo anaivuka chai kwa mapigo machache ya mbawa. Kwa hiyo kila pengo jipya katika mandhari hii linapokea mbegu za kigeni kwa ratiba ya kawaida huku mbegu za wenyeji zikichelewa au zisije kabisa. Watu husema musizi umeishinda miti ya asili. Sehemu nyingi, miti ya asili haikufika uwanjani.

Kuna shutuma nyingine, ya udongo. Pierre Binggeli, aliyeufanyia mti huu utafiti wa shahada ya uzamivu, pamoja na Alan Hamilton, walieleza kwamba chini ya musizi majani yanaoza haraka, ardhi inabaki wazi zaidi na maji ya mvua yanaichukua. Sina sababu ya kuukataa uchunguzi huo. Tatizo ni kwamba musizi umejaa hasa pale trekta lilikopita. Ukipima udongo chini yake leo unapima mambo mawili kwa pamoja: kazi ya mti na kazi ya gogo lililoburutwa. Kuvitenganisha kungehitaji vipande vilivyovurugwa sawasawa, vingine vikiwa na musizi na vingine bila, na vya aina ya pili havikubaki vingi.

Huko kwao unafanya kazi gani?

Mtuhumiwa akifikishwa barazani, wazee huuliza tabia yake nyumbani. Mwaka 1947 W. J. Eggeling, mtaalamu wa misitu nchini Uganda, alichapisha maelezo ya msitu wa Budongo. Alionyesha kwamba pembeni, msitu unapolisogelea na kulimeza eneo la nyasi, musizi ni miongoni mwa miti inayotangulia. Unafunga jua, unaua nyasi, unatengeneza kivuli. Chini ya kivuli hicho miche yake yenyewe haifiki mbali. Inayokuja ni ya spishi nyingine, na baada ya vizazi kadhaa musizi unabaki mmojammoja ndani ya msitu mchanganyiko. Kwa maneno mengine, kwao ni mti wa mpito.

Wanaoutetea hushika hapa: tuuache, utaondoka wenyewe. Wanaoupinga hujibu kwamba Usambara si Budongo. Pande zote zina nusu ya jibu. Budongo ni msitu mkubwa uliounganika, wenye mbegu za spishi zinazofuata na wanyama wa kuzileta. Mti wa mpito hupita pale tu panapokuwa na wa kumfuata. Mahali ambapo kipande cha msitu kimezungukwa na chai, miti mikubwa ya asili imeshakatwa na ndege hawapo, musizi unaweza kuzeeka, ukaanguka, ukafungua pengo, na pengo likachukuliwa na mtoto wake. Hatima ya mti huu, basi, haimo ndani ya mti. Imo katika umbali hadi mtambaa au msambu ulio karibu zaidi, na katika njia ya ndege kati yao.

Iliki

Sehemu hii ni ngumu kuiandika kwa haki, kwa sababu anayehusika ni mkulima mwenye eka moja au mbili, si kampuni. Iliki inapenda kivuli. Mkulima haangushi msitu wote. Anaacha miti mikubwa, anafyeka chini, anapanda. Kwa mbali, hata kwenye picha ya angani, shamba la iliki linaonekana kama msitu. Ukiingia ndani unaona kisichokuwepo: miche. Kila msimu panga linapita na kuondoa kila kitu kisicho iliki. Miti ya juu inazeeka bila warithi. Baada ya miaka kadhaa udongo unachoka, mavuno yanashuka, mkulima anahamia migomba na mihogo au anafungua sehemu nyingine, na lile paa la miti mikubwa linabomoka taratibu. Kwenye mashamba haya musizi ni mti wa kupendwa. Unakua haraka, unatoa kivuli, unatoa mbao na kuni. Mkulima akiulizwa kwa nini anauacha, ana majibu manne kabla mtaalamu hajamaliza kuuliza.

Derema ndiyo mahali ambapo mambo haya yote yalikutana. Ni ukanda wa msitu wa hekta zisizofika elfu moja unaounganisha Amani na misitu ya kaskazini yake, na ulikuwa umejaa iliki. Ukikatika, misitu ya Usambara Mashariki inagawanyika pande mbili. Serikali na wafadhili waliamua uhifadhiwe na wakulima walipwe fidia ya mazao. Walioguswa walikuwa zaidi ya elfu moja. Fidia ilichelewa, na wakulima wengi walilalamika kwamba kilicholipwa hakikulingana na kipato cha iliki ya kila mwaka walichopoteza. Kwa ikolojia uamuzi ulikuwa sahihi. Ninaposoma habari za malipo hayo siwezi kusema ulikuwa wa haki kwa kiwango hichohicho. Na lina athari msituni pia, kwa sababu mtu aliyeondolewa Derema bila kipato mbadala atatafuta kivuli kingine cha kupandia.

Tufanye nini na shoka?

Pendekezo la kuukata musizi wote linavutia kwa sababu linaonekana kama kazi: kuna adui, kuna hesabu ya mashina, kuna picha ya kabla na baada. Kuna na mbao za kuuza. Kila moja kati ya hayo inanitia wasiwasi. Mti wa musizi wenye urefu wa mita thelathini ukiangushwa ndani ya hifadhi unafanya kilekile alichofanya mtambaa miaka ya 1970: unavunja majirani, unasaga miche, unafungua jua. Hondohondo atapita kesho yake. Magogo yakihitaji kutolewa, barabara zitafufuliwa, na barabara ikishakuwepo mpasuaji mbao asiye na kibali naye anaitumia. Kibali cha kuvuna mti mgeni kinaweza kufunika mbao za mkulo na mvule kwa urahisi sana. Walinzi wa misitu hawahitaji kuelezwa.

Njia ya kutoa gome kuzunguka shina ili mti ufie wima ni afadhali. Mti unakauka taratibu, majani yanapungua kwa miezi, mwanga unaongezeka kidogokidogo badala ya kumwagika kwa siku moja. Hata hivyo ifanywe mahali ambapo chini tayari kuna miche ya asili iliyosimama. Kuutoa gome mti ambao chini yake pamejaa Clidemia hirta, kichaka kingine kigeni kilichosambaa humo, ni kubadilisha mvamizi mmoja kwa mwingine.

Nikipewa bajeti ndogo na niulizwe nianzie wapi, ningeanzia kwenye kingo za nje: miti michanga ya musizi iliyotangulia peke yake ndani ya msitu ambao haujavurugwa sana. Hiyo ni michache, inang'oleka kwa mkono ikiwa midogo, na kila mmoja unaoachwa utakuwa mama baadaye. Misitu minene ya musizi ya Kwamkoro ningeiacha isimame, na ndani yake ningepanda msambu na mtambaa kutoka vitalu vya vijiji, nikikitumia kivuli cha mgeni kulea wenyeji. Msambu una faida ya ziada: mbegu zake zina mafuta yanayonunuliwa, na vijiji vya Amani vimekuwa vikiziokota na kuziuza tangu miaka ya 2000, kwa hiyo mtu ana sababu ya kuulinda mche wake. Fedha iliyobaki ingekwenda kwenye kuunganisha vipande kupitia chai, hata kwa mistari myembamba ya miti kando ya vijito. Kampuni za chai tayari zina misitu mabondeni humo. Kinachotakiwa ni kuacha kufyeka kingo zake na kupunguza mikaratusi inayopandwa kwa ajili ya kuni za kukaushia majani.

Kipimo cha mafanikio nacho kibadilike. Takwimu inayoombwa zaidi ni idadi ya miti ya musizi kwa hekta, na hiyo itabaki juu kwa miongo kadhaa hata kila kitu kikienda vizuri, kwa kuwa miti iliyoota miaka ya 1980 bado ina umri mrefu mbele yake. Ihesabiwe miche ya asili iliyopita urefu wa goti chini ya musizi, sehemu tatu tofauti: ndani ya Kwamkoro palipo karibu na msitu mzima, kwenye kipande kidogo kilichozungukwa na chai, na Derema ambako panga la iliki limesimama. Hesabu hiyo haihitaji mitambo. Inahitaji kamba, vigingi, watu wa vijijini wanaoijua miche kwa majina yake, na malipo yao yatoke kwa wakati.